Korasi gani ninunue kwa gitaa la solo? Nyumbani tamu, kanisani naambiwa "tuni gitaa"

#1 Kamba ya Pili
Wakuu, habari za wikendi.

Napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu huku Nkuhungu, Dodoma. Gitaa ni la mtindo wa Stratocaster, nakala tu, linapita kwenye pedali halafu moja kwa moja kwenye mixa. Amplifaya ya gitaa hatuna. Nimechoka kuazima, nataka korasi ya kwangu, ile pedali ya kukanyaga inayoifanya sauti ya gitaa iyumbe. Bajeti laki mbili, nikibanwa sana nafika mbili na nusu.

Nimejaribu Behringer UC200 ya kijana mmoja wa UDOM, na Boss CH-1 ya kaka mmoja wa Area C ambaye yuko tayari kuniachia kwa 230,000. Nyumbani kwenye kispika changu zote tamu balaa. Shida ni Jumapili. Nikiikanyaga tu katikati ya wimbo, mwalimu wa kwaya anageuka: "Tuni gitaa!" Nimetuni kwa mashine, mshale uko katikati. Nikizima pedali anasema haya, sasa limekaa.

Ninunue ipi? Na hii shida ya kanisani inatoka wapi? Nawasilisha.

#2 Zabibu Kavu
Nimevuta kiti. Waje wajuzi.

#3 Mzee wa Ridhim
Usinunue kitu kwanza. Niambie nobu (vile vitufe vya kuzungusha) umeziweka wapi. Vijana mkipewa korasi mnafungua Depth (ukubwa wa kuyumba) mpaka mwisho kwa sababu ukiwa peke yako chumbani inapendeza. Korasi kazi yake ni kuipotosha tuni kidogo, hakuna siri nyingine. Chumbani hakuna wa kukusuta. Ukiingia kwenye sauti nne za kwaya, pamoja na kinanda, kila mtu anasikia umepotoka. Weka Depth robo, Rate (kasi ya kuyumba) robo, kisha urudi hapa.

#4 Chilonwa Dijitali
Naongezea kwa mzee hapo juu. Pedali inaigawa sauti mara mbili. Moja inapita kama ilivyo. Ya pili inacheleweshwa kidogo, tuseme milisekunde 5 hadi 30, na huo muda wa kuchelewa haukai sehemu moja, unaongezeka na kupungua bila kukoma. Ukiongezeka noti inashuka, ukipungua noti inapanda. Zikikutana tena unasikia kama watu wawili wanapiga kitu kimoja.

Ambacho wengi hawakijui: noti inapotoka kiasi gani, hiyo ni Depth na Rate kwa pamoja. Ukiongeza Rate bila kugusa Depth, kwenye pedali nyingi noti inazidi kupotoka. Ukitaka mwendo wa haraka, teremsha Depth. Ukitaka Depth kubwa, mwendo uwe wa kobe.

#5 Besi Dada
Mnamwonea mtoto wa watu. Kamba ya Pili, mpiga kinanda wenu anashika sauti gani? Kwetu Kikuyu tulikuwa na kesi hii hii. Jamaa anapenda piano ya umeme iliyochanganywa na stringi, na sauti za namna hiyo mara nyingi zimeshapakwa korasi tangu kiwandani. Juu yake anakuja wa solo na korasi yake. Vitu viwili vinayumba, kila kimoja kwa mwendo wake, halafu soprano watafute pa kushika noti. Tukamwambia wa kinanda azime korasi ya ndani. Gitaa likapona siku hiyo hiyo, bila mtu kutoa senti.

Mimi kwenye besi siweki kabisa, mtanisamehe.

#6 Zabibu Kavu
Wapiga kinanda tena 😂 Kila ugomvi wa bendi nchi hii mzizi ni wao.

#7 Kamba ya Pili
Shikamoo Mzee wa Ridhim. Depth naiweka nusu, siyo mwisho. Rate ndiyo iko juu kidogo, napenda itetemeke. Kinanda ni stringi mwanzo mwisho, hapo Besi Dada umegusa penyewe. Ila mbona wa ridhim halalamikiwi na yeye fundi wetu anampa korasi ya ndani ya mixa?

Halafu kuna jambo jingine. Ile Boss taa yake inawaka hafifu nikitumia adapta yangu. UC200 kwa adapta hiyo hiyo inawaka vizuri. Ni ugonjwa?

#8 Fundi Kizota
Geuza pedali usome kibandiko. Kimeandikwa ACA au PSA?

#9 Kamba ya Pili
ACA.

#10 Fundi Kizota
Basi huo siyo ugonjwa. Boss za zamani zilitengenezewa adapta ya ACA. Imeandikwa volti 9 lakini haikudhibitiwa, ikibeba mzigo mdogo inatoa zaidi ya hapo, inakaribia 12. Kwa sababu hiyo ndani ya pedali waliweka kipingamizi cha kuushusha umeme. Sasa wewe unaileta adapta ya kisasa yenye volti 9 kamili, ikishapunguzwa tena ndani inafika pungufu, taa inafifia na pedali inafanya kazi kwa njaa. Weka betri mpya ya volti 9. Taa ikiwaka kawaida, pedali ni nzima.

Nimeona watu wakinunua pedali nzima kwa bei ya mbovu kwa ajili ya taa hii. Usimwambie mwenye mali mpaka mmalizane bei.

#11 Besi Dada
Fundi, huyu anapiga kanisani!

#12 Chilonwa Dijitali
Njia nyingine ya kuipa umeme hiyo ACA: uwe na pedali nyingine ya PSA, yaani ya adapta ya volti 9 kamili, tumia waya wa adapta wenye vichwa viwili, uchomeke zote, kisha uziunganishe kwa waya wa gitaa. Upande hasi ukishakuwa wa pamoja, kile kipingamizi kinarukwa na taa inarudi.

Na kwa anayetaka kujua, CH-1 ilianza 1989. Za zamani zina chipu ya analogi ndani, za miaka ya baadaye ni dijitali. Ikiwa ni ya ACA kweli, una ile ya analogi. Kwa 230,000 mimi nisingeiacha mezani.

#13 Ngoma Nzito
Kwa hiyo tatizo la tuni ni adapta. Uzi ufungwe.

#14 Fundi Kizota
Sijasema hivyo. UC200 inawaka vizuri na bado anaambiwa atuni. Soma kabla ya kufunga.

#15 Alizeti wa Singida
Mnasahau hali ya hewa. Singida na Dodoma ni ndugu kwa hili. Mwezi wa saba unatuni asubuhi ibada haijaanza, baridi inauma mpaka kwenye kucha. Ikifika saa tano bati limeshika moto, watu wamejaa, nyuzi za chuma zimepata joto na kulegea. Noti zimeshuka. Gitaa kavu, lisilo na korasi, likishuka kidogo mtu hagundui. Lipake korasi, kila mtu anageuka. Mashine ilikwambia mshale uko katikati saa ngapi? Tuni tena wakati wa matangazo.

#16 Besi Dada
Matangazo ya kwetu unaweza kubadilisha nyuzi zote sita na ukapata muda wa kunywa maji.

#17 Majengo Saundi
Nimekaa nyuma ya mixa za makanisa na kumbi nyingi hapa mjini, naomba niweke langu.

Korasi hii ilizaliwa ndani ya amplifaya. Roland JC-120 ya mwaka 1975 ina spika mbili za inchi 12. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu, ya pili inatoa ile inayoyumba, zinachanganyikia hewani kabla ya kukufikia sikioni. Mwaka 1976 Boss wakaichomoa ile mashine peke yake wakaiita CE-1, sanduku zito la kuchomeka ukutani, ndiyo korasi ya kwanza ya miguuni. Utamu wake ni kwamba vile vitu viwili vinatoka sehemu mbili.

Sasa wewe unaingiza tundu moja la mixa, na spika za kanisa nabashiri ni mono, zote zinatoa sauti ile ile. Kavu na ya kuyumba zinabanwa njia moja, kuna masafa ya sauti yanafutana, gitaa linakonda na kulia puani. Mwalimu wa kwaya hana jina la kitu hicho, kwa hiyo anasema tuni. Nyumbani kispika kiko nusu mita kutoka sikioni, huwezi kulinganisha na ukumbi wa bati.

Wa ridhim halalamikiwi kwa sababu anachapa kodi fupi fupi, haziishi muda wa kuyumba. Wewe wa solo unavuta noti.

#18 Mzee wa Ridhim
Marahaba Kamba ya Pili, nimechelewa kuiona.

Majengo, hapo kwa mono sikubali. CE-2 ya mwaka 1979 ina tundu moja tu la kutolea, na mpaka leo ndiyo wanayogombania. Small Clone ya Electro-Harmonix ni mono, nobu moja na swichi moja basi, na Kurt Cobain wa Nirvana aliitumia mpaka dunia nzima ikaijua. Kama mono ingekuwa inaharibu, hizo zingeshatupwa jalalani. Tatizo ni mkono wa mtu kwenye nobu.

#19 Zabibu Kavu
Na yule Andy Summers wa The Police? Ile ndiyo korasi ninayoitaka mimi.

#20 Chilonwa Dijitali
Huyo anajulikana zaidi kwa Electric Mistress, na hiyo ni flanja. Ndugu wa karibu, ila flanja inachelewesha muda mfupi zaidi na inairudisha sauti yake mlangoni izunguke tena. Ukinunua CH-1 ukitegemea hiyo utarudi hapa kulia.

#21 Zabibu Kavu
Kwenye masikio yangu ni korasi. Tusibishane.

#22 Ngoma Nzito
Wazee wetu walipiga bila haya madude. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, gitaa linayumba lenyewe. Kidole tu.

#23 Mtoto wa Msamvu
Siyo kidole, ni mashine. Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70. Japani ndiko pedali zinakotoka. Unganisha nukta.

#24 Fundi Kizota
Hesabu hazikai. Majengo amesema CE-1 ni ya 1976. Expo ni 1970.

#25 Mtoto wa Msamvu
Kulikuwa na Uni-Vibe ya Shin-ei, Wajapani hao hao, tangu mwishoni mwa miaka ya 60, na ina swichi imeandikwa "Chorus". Jimi Hendrix aliitumia.

#26 Fundi Kizota
Ilikuwepo, sawa. Leta ushahidi kwamba Mbaraka alirudi nayo.

#27 Mtoto wa Msamvu
Leta wewe ushahidi kwamba hakurudi nayo.

#28 Mzee wa Ridhim
Nyie watoto. Mashine ya mshale haikuwepo. Magitaa mawili au matatu yanatuniwa kwa sikio, kila moja linaachana na mwenzake kiasi kidogo sana, halafu yanapiga kifungu kimoja kwa pamoja. Hiyo ni korasi tosha. Weka na tremolo iliyokuwa ndani ya amplifaya za zamani, umemaliza. Mbaraka alifariki Januari 1979, CE-2 alikuwa bado hata hajaisikia.

#29 Mtoto wa Msamvu
Tremolo inapandisha na kushusha ukubwa wa sauti mzee wangu, noti haiguswi. Kinachoyumba pale ni noti. Nabaki na Osaka.

#30 Nyemo wa Chamwino
Mbukwenyi! Mmefika Osaka mkaruka nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alikuwa na ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) yenye vyuma ambavyo hupigi, vipo vinaitikia tu vyenyewe ukipiga vingine. Na kwenye ubao kuna tundu lililofunikwa utando wa buibui ili sauti ikwaruze. Hiyo ni efekti, haina adapta wala ACA. Na kinamama wa Kigogo wakiimba, kila mmoja ana njia yake ndogo kando ya mwenzake, usikie hiyo sauti ilivyo nene. Wajapani walikuja kuuza tu.

#31 Zabibu Kavu
Hatimaye Mgogo kamgundua Boss.

#32 Mpwapwa Kwetu
Turudi kwa mleta mada, maana bajeti yake iko palepale. Mdogo wangu, usinunue korasi peke yake. Tafuta Zoom G1 Four iliyotumika. Ndani kuna korasi za aina kadhaa, dilei, rivabu, tuna, na ngoma za kufanyia mazoezi. Inatumia betri nne ndogo za AA, umeme ukikatika katikati ya sifa wewe unaendelea. Mimi ninayo moja, nataka kuiuza nihamie kubwa. Bei tutaongea, ndani ya bajeti yako hatushindwani.

#33 Besi Dada
Nilijua tu kuna biashara inakuja.

#34 Mzee wa Ridhim
Ukimpa kijana huyu mashine yenye korasi, dilei na rivabu, Jumapili ijayo atawasha vyote kwa pamoja. Mwalimu wa kwaya ataacha kazi.

#35 Majengo Saundi
Zoom siyo mbaya, ila kuna hili: katikati ya wimbo unataka kupunguza Depth kidogo, kwenye pedali ya kawaida unainama unazungusha nobu, umemaliza. Kwenye mashine ya menyu unahangaika mpaka kiitikio kimepita.

#36 Fundi Kizota
Kuhusu UC200, mkuu, isidharauliwe. Mwili wa plastiki, ndiyo, usiikanyage kama unaua nge. Sauti yake kwa kwaya inatosha kabisa na ni stirio, inatoa sauti kwa njia mbili. Kubadili betri ndiko kunawashinda watu, hakuna skrubu. Chukua kalamu, bonyeza vile vidude viwili vya bawaba pembeni, kile kikanyagio chote kinanyanyuka na betri unaiona. Boss unalegeza tu ile skrubu kubwa ya mbele kwa kidole. Na ukishamaliza ibada chomoa waya wa gitaa kwenye pedali. Waya ukibaki kwenye tundu la kuingilia, betri inaliwa usiku kucha hata kama taa imezimwa.

Tafadhali pia: adapta ya kinanda isisogee hapo. Pedali hizi ni volti 9, hasi ndani chanya nje. Kwetu mtu alichomeka ya kinanda, volti 12, na hasi na chanya zimegeuka. Harufu ilifika mpaka kwenye sadaka.

#37 Alizeti wa Singida
Na vumbi. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa upepo wa kwetu unaingia kila mahali, nobu zinakwaruza ukizungusha. Pedali ikae kwenye mfuko.

#38 Kamba ya Pili
Nashukuru wote. Mbali na korasi kuna mvumo pia, "mmmmm" mfululizo, hasa kipindi hiki cha kiangazi. Masika ulikuwa mdogo. Au ni akili yangu?

#39 Chilonwa Dijitali
Siyo akili yako. Nguzo ya ardhi ya jengo (chuma cha ethi kilichozamishwa chini) inategemea unyevu wa udongo. Dodoma mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, udongo unakauka mpaka Novemba huko, ukinzani unapanda, ardhi inakuwa ya jina tu. Mmwagie maji pale nguzo ilipozama, na fundi umeme aipime.

#40 Fundi Kizota
Au ni gitaa lenyewe. Pikapu (vile vya kudaka sauti ya nyuzi) za mtindo wa Stratocaster ni za koili moja moja, zinavuma kiangazi na masika. Mkuu, ukiwa kwenye nafasi ya pili au ya nne ya swichi mvumo unapungua? Ukipungua, mwachie nguzo mapumziko.

#41 Chilonwa Dijitali
Hiyo ni endapo pikapu ya kati imesukwa kinyume. Kwenye nakala siyo zote.

#42 Mtoto wa Msamvu
Uni-Vibe ilikuwa na mvumo pia. Nasema tu.

#43 Kamba ya Pili
Mrejesho. Leo nimepiga na ile Boss. Depth robo, Rate robo kama alivyosema mzee. Mwalimu wa kwaya hajageuka hata mara moja, na mchungaji kaniuliza kama nimebadilisha gitaa.

#44 Mzee wa Ridhim
Nilisema.

#45 Kamba ya Pili
Ngojeni nimalize. Mpiga kinanda hakuwepo, yuko msibani Kondoa. Niliweka betri mpya, taa ikawaka vizuri. Na nilipiga ibada ya kwanza, bati lilikuwa bado la baridi.

#46 Besi Dada
Kinanda hakikuwepo! Kesi imekwisha.

#47 Alizeti wa Singida
Ibada ya kwanza, asubuhi, baridi. Nilisema nini mimi?

#48 Fundi Kizota
Betri.

#49 Majengo Saundi
Na spika?

#50 Kamba ya Pili
Fundi wetu aliwasha upande mmoja tu, mwingine una kelele.

#51 Majengo Saundi
Upande mmoja, kwa hiyo hakuna spika mbili za kugombana ukumbini. Mnaona.

#52 Mzee wa Ridhim
Wewe si ndiye uliyesema utamu wake uko kwenye spika mbili? Jumapili ijayo kinanda kirudi, ibada ya pili, adapta ile ile, nobu robo. Asiguse kitu kingine.

#53 Kamba ya Pili
Mwenye Boss anataka jibu kabla ya Ijumaa, kuna mtu mwingine anaitaka.

#54 Chilonwa Dijitali
Chukua. Ikikushinda utaiuza bila hasara.

#55 Besi Dada
Usichukue. Nunua UC200, hela inayobaki mnunulie mpiga kinanda wenu soda azime zile stringi.

#56 Zabibu Kavu
Mpwapwa Kwetu, ile Zoom bado ipo? Na ina flanja?